Bwana shamba wa kaunti yupo, nenda: jinsi ya kuitumia Extension na 4-H ukiishi Kentucky vijijini

Ukihamia kaunti ya shamba hapa Kentucky, iwe umefuata kazi ya kiwanda cha kuku au umechoka na kodi za nyumba za Louisville, kuna jengo utakuwa unalipita kila siku bila kuingia. Mara nyingi liko nje kidogo ya mji, karibu na uwanja wa maonesho, paking kubwa mbele, na kwenye kibao kuna jani la kijani la klova lenye herufi H nne, alama ya chama cha vijana cha 4-H. Wengi wetu tunajua hiyo ni ofisi ya wazungu wenye ng'ombe mia. Siyo. Hiyo ndo Extension, ofisi ya bwana shamba, afisa ugani yuleyule tuliemzoea kule nyumbani akija na pikipiki, ila huyu hapa ameajiriwa na chuo kikuu na ana vipeperushi mpaka vya kuua kunguni.

Kwa kifupi mpango ni huu. Mwaka 1914 ilipitishwa sheria ya Smith-Lever kwamba vyuo vikuu vya kilimo visikae tu na utafiti wao, viutoe uende kwa wananchi, na gharama zigawanywe kati ya serikali kuu, jimbo na kaunti. Kentucky ina kaunti 120 na zote zina ofisi. Nyingi zinaendeshwa na University of Kentucky ya Lexington, na pembeni yake kuna Kentucky State University ya Frankfort, chuo kilichoanzishwa 1886 kwa ajili ya watu weusi na ambacho kina watu wake wanaozunguka kwa wakulima wadogo. Hela ya kaunti inatoka kwenye kodi ya ardhi na nyumba, kwahiyo hata kama umepanga, mwenye nyumba ameshaihesabu kwenye kodi unayomlipa. Umeshalipia. Nenda.

Sasa unaanzaje. Ushauri wangu, usianze na mtoto wala usianze na mbuzi, na usiende mikono mitupu ukasema nimekuja kujua mnafanya nini, manake utapewa kipeperushi na tabasamu na utarudi nyumbani ulivyokuja. Nenda na kitu mkononi. Kitu rahisi kuliko vyote ni udongo.

Chukua ndoo ya plastiki safi. Narudia, plastiki, siyo ile ndoo ya bati, kwa sababu bati lina zinki na itaingia kwenye vipimo ikudanganye. Tembea kwenye bustani kwa zigizaga, chimba kama sehemu kumi au kumi na tano hivi, kila shimo inchi 6 mpaka 8 kwenda chini, toa kipande chembamba kutoka juu mpaka chini ya shimo ukitie kwenye ndoo. Usichukue pale ulipomwaga majivu wala penye lundo la samadi wala ukingoni mwa barabara. Ukimaliza changanya vizuri, toa mizizi na mawe, anika kwenye gazeti ndani ya nyumba (siyo kwenye oveni, kuna watu wanafanya hivo), alafu chukua vikombe viwili hivi upeleke ofisini. Kama una bustani ya mboga na nyasi za mbele ya nyumba na kipande cha mahindi, hivo ni vitu vitatu, visichanganywe.

Ofisini watakupa fomu ndogo, wanataka kujua unataka kupanda nini, kwasababu mahitaji ya mahindi siyo ya nyasi. Udongo unapelekwa maabara ya chuo, wana moja Lexington na nyingine Princeton. Bei inategemea kaunti, ni dola chache tu na kuna kaunti zinawalipia wakazi wake, uliza kwanza kabla hujatoa pochi. Majibu yakirudi yanakuja na sahihi ya afisa, na hapo ndo uhodari wa hii njia: sasa unamjua kwa jina, na yeye anajua una shamba la ukubwa gani.

Kwenye karatasi angalia pH kwanza, yani kipimo cha uchachu wa udongo. Mboga nyingi zinapenda kati ya 6 na 7 hivi, ikiwa chini wanakuambia utie chokaa ya kilimo kiasi gani. Ukiwa maeneo ya katikati ya jimbo, yale ya Bluegrass, usishangae ukiambiwa usitie fosfeti kabisa, mawe ya huko chini yana fosforasi ya asili ya kutosha, na bado kuna watu kila mwaka wanabeba magunia ya mbolea ya mchanganyiko wakiongeza kitu ambacho kimejaa tayari. Na kama nyumba ni ya zamani, iliyojengwa kabla ya 1978, muulize kuhusu kipimo cha madini ya risasi kwa udongo ulio karibu na kuta, rangi za enzi hizo zilikuwa nayo na watoto wanacheza pale. Hicho ni kipimo tofauti, hakimo kwenye kile cha kawaida, na ukikaa kimya hakuna atakaekutajia.

Ukishafahamiana nae ndo unaleta maswali yetu. Kuna mama mmoja wa Kikongomani ninaemfahamu alibeba lengalenga kwenye mfuko akaenda kuuliza kwanini majani yana matundu. Afisa akaangalia, akaangalia tena, akamuuliza kwa upole kama anajua hayo ni magugu! Huku kwao mchicha wa porini ni adui namba moja wa soya, kuna aina imeshakuwa sugu kwa dawa za magugu na wakulima wanaing'oa kwa mikono. Mama akacheka, akamwelezea unavyopikwa na karanga na mawese, basi jamaa akatoa kalamu akaanza kuandika. Kwahiyo ukienda na mboga zetu nenda na jina la kisayansi ukiweza, mchicha wote ni Amaranthus, nyanya chungu ni Solanum aethiopicum, ukimpa hilo jina anaweza kutafuta kwenye vitabu vyake. Usimchukie asipojua. Anachojua kizuri ni wadudu, maradhi, na tarehe ya baridi ya mwisho kwenye kaunti yenu, ambayo kwa sehemu nyingi za Kentucky ni kuanzia katikati ya Aprili mpaka mwanzo wa Mei. Hiyo tarehe ndo kila kitu. Matembele yako ukiyapanda Aprili kwa sababu siku mbili kulikuwa na jua, umeyaua.

Muhogo usijidanganye, mizizi hutapata, baridi itawahi kabla. Ila mahindi meupe ya ugali hapa ndo kwao, Kentucky ni moja ya majimbo yanayoyalima tangu zamani, muulize afisa nani anauza mbegu au nani ana mashine ya kusaga karibu. Omba pia kitabu kinachoitwa ID-128, ni cha bustani za nyumbani, kina jedwali la nini kinapandwa lini, na kipo bure kwenye intaneti.

Jengo hilohilo lina mtu mwingine wa mambo ya jikoni na familia. Wamama wengi wanampita. Huyu ndo anafundisha kuhifadhi chakula kwenye chupa, na hapa naomba mnisikilize: maharage, nyama, na mboga za majani ukizifunga kwenye chupa kwa kuchemsha tu kwenye sufuria ya kawaida unatengeneza sumu, mbegu za vijidudu vya botulizimu hazifi kwa maji yanayochemka, lazima sufuria ya presha ya kuhifadhia. Kuna ofisi zinakupimia hata geji ya sufuria yako kama inasema kweli.

Na wale wenye ndoto ya kuuza pilipili, najua mko wengi, kila harusi nakutana na chupa mpya. Pilipili ya kusaga yenye siki na kitunguu haiuzwi tu hivihivi kwenye soko la wakulima. Kentucky inaruhusu kuitengenezea nyumbani, lakini lazima upitie semina ya University of Kentucky, upeleke resipi yako ipitishwe, na kiungo kikubwa kwenye chupa uwe umekilima mwenyewe. Hilo la mwisho ndo linawakwamisha wanaonunua pilipili kwa boksi. Kwahiyo panda kwanza, semina baadae.

Haya, watoto.

4-H ni chama cha vijana cha hiyohiyo Extension. H nne ni kichwa, moyo, mikono na afya kwa Kiingereza chao. Waliosoma Kenya watakumbuka 4-K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ni ndugu mmoja. Historia yake fupi: mwaka 1902 huko Clark County, Ohio, msimamizi mmoja wa shule, A. B. Graham, aliwakusanya watoto wa shule wakawa wanalima mahindi na kupima udongo, na vilabu kama hivyo vilienea maana watafiti walishaona wababa hawataki kusikia mbegu mpya ila mtoto akizipanda pembeni ya shamba la baba na zikastawi, baba anakuja kuomba. Hiyo hila bado inafanya kazi, hasa kwetu ambao watoto wanajua Kiingereza kutuzidi.

Kentucky kwa kawaida wanachama ni miaka 9 mpaka 18, na wadogo wa kuanzia 5 wana kikundi chao cha kucheza na kujifunza bila mashindano. Mwaka wao unaanza na msimu wa shule. Kujiunga ni fomu moja, ina sehemu ya afya, sehemu ya ruhusa ya picha, na sehemu inayouliza kabila na rangi, hiyo wanaihitaji kwa ripoti zao za usawa na siyo lazima uijaze. Hakuna anaekuuliza makaratasi ya uhamiaji ili mtoto afuge sungura. Ruhusa ya picha usipoitaka, kataa tu, mtoto anaingia vilevile.

Mtoto anachagua anachokipenda, na siyo mifugo tu, kuna kushona, kuoka, roboti, farasi, picha, kuongea mbele za watu. Kuna pia kulenga shabaha, bunduki na upinde, na wazazi wengi wetu wanaruka wakisikia, hasa waliokimbia vita. Sikulazimishi, ila ujue wakufunzi wana cheti na inafundishwa kwa nidhamu kali kuliko unavyodhani, na ukisema mwanangu hapana, basi, anafanya kingine.

Mimi ningemsukuma kwenye hotuba. Kaunti nyingi zina shindano la hotuba na la kuonyesha namna ya kufanya kitu, mtoto anasimama dakika chache mbele ya majaji akielezea, anaeshinda anaenda ngazi ya juu. Mtoto aliefika juzi na lafudhi yake akisimama pale akaelezea namna ya kukunja chapati, majaji wanakaa kimya kabisa. Na haigharimu kitu zaidi ya unga.

Kuna mradi mmoja wa Kentucky hasa, wa kukausha mapaja ya nguruwe kwa chumvi: Januari watoto wanapaka chumvi na sukari mapaja mawili, yananing'inia miezi, Agosti wanayapeleka maonesho ya jimbo Louisville na kutoa hotuba. Waislamu na Wasabato wapite, wengine jaribuni, hizo nyama zinaheshimiwa sana huku. Na kambi ya kiangazi pia, kabla hujalipa uliza chakula, waambie kabisa mwanangu hali nguruwe, wanaandika. Ada ya kambi inaweza kukutisha lakini ofisi nyingi zina msaada, sema tu mapema kabla nafasi hazijaisha. Kuogelea atapimwa kwanza, usimfiche kama hajui.

Sasa mbuzi. Najua mliosoma mpaka hapa wengi mnamsubiri mbuzi.

Mbuzi wa nyama ndo mradi unaotufaa, ng'ombe ni gharama na anahitaji gari la kumbeba, mbuzi anaingia nyuma ya vani. Mtoto ananunua mwanambuzi spring, anamlisha, anamzoesha kutembea na mnyororo, na kiangazi anampeleka maonesho ya kaunti, ambayo mengi yako Juni na Julai. Tarehe za mwisho za kusajili mnyama zinakuja mapema sana na hazibembelezeki, ukichelewa siku moja mwanao atakaa kwenye benchi la watazamaji na mbuzi wake nyumbani. Vilevile kuna masaa ya mafunzo lazima ayamalize, na mbuzi lazima awe na hereni ya scrapie (ugonjwa wa ubongo wa kondoo na mbuzi) sikioni, usimnunue kwa mtu asiekuwa nayo.

Kitakachomuua huyo mbuzi Kentucky siyo chui wala baridi, ni minyoo. Joto na unyevu wa kiangazi hapa ni pepo yao, kuna mmoja anakaa tumboni ananyonya damu mpaka mnyama anakuwa mweupe ndani. Extension wanafundisha kipimo kinaitwa FAMACHA, kimetoka Afrika Kusini, na ukihudhuria wanakupa kadi yake yenye rangi tano. Inafanywa hivi: mlete mbuzi nje juani, siyo chini ya kivuli cha banda, kidole gumba kimoja kinafunga kope ya juu na kusukuma jicho kidogo ndani, kingine kinavuta kope ya chini, nyama ya ndani ya kope inatokeza kwa sekunde chache tu, hapo unailinganisha na kadi. Nyekundu kabisa ni moja, nyeupe kama karatasi ni tano. Moja na mbili mwache. Nne na tano mpe dawa leo, siyo kesho. Tatu, kwa mbuzi, wengi wanampa. Ukiona uvimbe laini chini ya taya hiyo imeshachelewa sana, piga simu. Usiwape dawa wote kila mwezi kwa mazoea, ndo namna minyoo ilivyojifunza kutozijali dawa, na kipimo cha dawa ya kondoo siyo cha mbuzi, muulize daktari wa mifugo. Chakula nacho usichanganye: cha mbuzi kina shaba, kondoo akikila kinamuua polepole.

Siku ya maonesho jaji anampa kila mtoto utepe, buluu ni kazi nzuri, nyekundu inafuata, alafu mweupe, kwahiyo utepe mweupe siyo ushindi, usipige vigelegele kabla hujauliza. Jaji anamuuliza mtoto maswali, mbuzi ana uzito gani, anakula nini, na hapo ndo utajua kama baba ndo alikuwa anamlisha. Maonesho mengi yanaishia na mnada na wanyama wa mnada wanaenda kuchinjwa, mwambie mtoto toka siku ya kwanza. Watoto waliokulia kijijini Kivu au Singida hawashtuki, ila hawa waliozaliwa hapa wamempa mbuzi jina na kulala nae bandani, ni kilio.

Hela je. Hapa watu wengi wanachanganya ofisi. Extension haitoi mkopo wala ruzuku, inakupa maarifa na inakusaidia fomu. Mikopo ni FSA, ofisi ya wizara ya kilimo ya serikali kuu, ambao pia wana mkopo wa vijana wa miaka 10 mpaka 20 kwa mradi unaosimamiwa na kama 4-H, ila wao wana masharti yao ya uraia na ukaazi. Lile banda la plastiki la kulimia mpaka baridi ni NRCS, ofisi nyingine ya wizara hiyohiyo inayoshughulikia hifadhi ya ardhi, wanachangia gharama, na kabla ya kwenda kwao pata namba ya shamba kutoka FSA. Alafu Kentucky kuna kitu majimbo mengi hayana: hela za fidia ya kampuni za tumbaku, jimbo liliamua nusu yake iende kwenye kilimo, na humo kuna mpango wa vijana unaoitwa YAIP. Siyo kila kaunti inaufungua kila mwaka. Ukifunguliwa mtoto wa shule anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama za mradi wake, neno ni kurudishiwa, yani unanunua kwanza kwa hela yako, unatunza kila risiti, unapeleka. Risiti ya kuandikwa kwa mkono nyuma ya bahasha na jirani haitapita. Na ukishapata shamba dogo lako, nenda Frankfort kwenye shamba la Kentucky State University, kwa miaka mingi wamekuwa na mafunzo Alhamisi ya tatu ya mwezi kwa wakulima wadogo, na watu wao wa samaki wanajua perege na kambale kuliko mtu yeyote niliemsikia.

Mwisho kabisa lugha. Afisa huku anaitwa kwa jina la kwanza, atakuambia mwenyewe, wewe ukitaka kumuita Bwana na Bibi endelea, hakuna anaekasirika. Kiingereza kikiwa kizito usimtumie mtoto kutafsiri fomu, hasa ya afya na ile ya hela, atasema ndiyo kwa kitu asichokielewa. Piga simu wiki moja au mbili kabla, sema jina lako, sema Kiswahili, sema siku unayotaka kuja, waulize watampata vipi mkalimani, hii ni ofisi inayopokea hela ya serikali kuu na hairuhusiwi kukubagua kwa ulikotoka. Ukisema Kiswahili cha Kongo au cha Tanzania hawatajua tofauti, ila mkalimani atajua, kwahiyo sema.